Papa, Kuhusu Ile Saa ya Kibuli

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, hapa kibandani kando ya soko la Nakasero. Kabla hujauliza: ndiyo, nimenawa mikono, na hapana, sijagusa kibano chako kidogo. Nimegusa kile kikubwa tu, kile unachosema kinafaa kung'olea misumari.

Jumamosi tuliondoa matanga yako, nyumbani Kyebando. Watu walikuwa wengi kuliko viti, na chakula kilitosha kwa sababu Mama alikaa mlangoni mwa jiko kama askari. Kuna jambo lilitokea siku ile na ni lako, kwa hiyo lazima nikuambie. Hii ndiyo mara ya kwanza nakueleza kitu bila kukatizwa, na naona hata sifurahii. Nimeandika sentensi saba na bado nasubiri useme, "Ngoja kwanza."

Jambo lenyewe ni ukurasa wa mwisho wa daftari lako. Mama alitaka niusome kwa sauti mbele ya Mchungaji, wanakwaya, majirani, na wale jamaa waliotoka Bukavu kwa basi na bado miguu imewavimba. Mimi mtoto wako, mwenye kusomea saa. Na nilikuwa najua kwamba kilichoandikwa kwenye ukurasa ule si kweli.

Nitafika huko. Kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeanza nazo.

Saa ya ukutani ya kanisa imesimama tangu wiki uliyotuacha. Hakuna anayethubutu kuifungua, wanasema ni yako. Imesimama kwenye saa nne na robo asubuhi. Mchungaji anaitazama katikati ya mahubiri, anaona ni saa nne na robo, anaendelea kwa amani. Jumapili hii watoto walilala, wakaamka, wakalala tena. Wanakwaya wameshaniomba mara kumi niitengeneze. Mchungaji hajaniomba hata mara moja.

Mama hajambo. Saa zako zote nane za nyumbani anazitia ufunguo mwenyewe, na hakuna mbili zinazolia pamoja. Nilitaka kuzirekebisha, akakataa. Anasema zikilia hovyo namna ile anahisi bado unazunguka nyumba ukitafuta miwani. Nikaziacha. Nililia kidogo jikoni, nikasingizia vitunguu, na hakukuwa na kitunguu hata kimoja.

Sasa tuje kwenye yetu.

Unakumbuka siku nilipokueleza kazi yangu, likizo ile nilipotoka ng'ambo? Ulikuwa umekaa hapa hapa, mashine ya saa ya mkononi imelala wazi mbele yako. Nilikuambia kwamba chuoni kwetu tuna saa isiyo na gurudumu, wala springi, wala betri. Tunachukua chembe moja ya madini, ndogo mno, tunaitia umeme, nayo ikishakuwa hivyo inaitwa ioni. Tunaishika ndani ya chombo kisicho na hewa, katikati ya vyuma vyembamba, haigusi popote, inaelea tu kwa nguvu ya umeme. Tunaimulika kwa leza mpaka inapoa na kutulia. Halafu tunatafuta mwanga wa rangi ileile moja ambayo chembe hiyo inaikubali, na mawimbi ya mwanga huo ndiyo tunayoyahesabu. Hiyo ndiyo tiki-taki yetu.

Ulinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia wasiwasi. Kisha ukasema, "Moja? Inchi yote ile ya ng'ambo, ya watu wenye pesa, na munakamata moja tu?"

Nikakuambia moja inatosha. Ukapandisha kile kioo chako cha jichoni mpaka kwenye paji la uso, ukaniangalia. "Na kama iko moja peke yake, mutajua namna gani kama inasema kweli?"

Papa, profesa wangu alitumia muhula mzima kutufundisha swali hilo. Wewe uliliuliza huku ukitafuna karanga. Nikakueleza kwamba tunachukua ioni za aina mbili, tunazilinganisha siku baada ya siku. Mpigo wa moja unategemea zaidi ile nguvu inayofunga umeme na mwanga, mpigo wa nyingine hauitegemei sana. Kama nguvu hiyo, ambayo dunia yote imesimama juu yake, inabadilika hata kidogo kadiri miaka inavyokwenda, saa hizo mbili zitaachana.

"Kwa hiyo munachunguza kama Mungu anabadilisha mawazo."

Ndiyo, Papa. Hivyo hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye maombi yetu ya utafiti, kwa maneno marefu zaidi.

"Na amebadilisha?"

Nikasema bado hatujaona chochote.

"Miaka yote hiyo, hamujaona kitu," ukasema, "na watakupa diploma." Ukarudisha kioo jichoni. Lakini nilikuona unatabasamu, na yule mama mteja aliyeleta saa ya marehemu mumewe naye alitabasamu, na mimi nikajiona nimefika.

Hapo ningenyamaza. Ningekula roleksi yangu, chapati na mayai yake, nikanyamaza. Lakini nilikuwa na sifa za mtu aliyesoma. Nikakuambia kwamba saa iliyo juu kilimani inakwenda haraka kuliko iliyo chini, kwa sababu muda wenyewe, kule juu, unakwenda haraka zaidi. Nikakuambia saa zetu zinaiona tofauti hiyo hata ukiinua moja kwa kimo cha kikombe.

Uso wako ukabadilika. Ukaniuliza kama nazungumzia saa ya Hajji.

Sikuwa nazungumzia saa ya Hajji. Lakini ulikuwa na saa mbili za mezani, pacha, za kiwanda kimoja, ulizozisafisha siku moja. Moja iliketi hapa kibandani. Nyingine ulimpa rafiki yako Hajji Sulaiti, anayeshona sare za shule kule juu Kibuli. Na wewe ulisikia mtoto wako akisema, mbele ya mteja, kwamba moja kati ya hizo umeiharibu.

"Ya Kibuli nimetengeneza miye. Ya hapa nimetengeneza miye. Sasa weye unasema moja inakimbia?"

Nikajaribu kueleza. Ukakatiza. Nikajaribu tena. Ukakatiza tena. Ndipo nikasema lile neno, kwa Kiswahili cha shule ili liume zaidi: "Papa, hizi saa zako ni za kukisia tu."

Kukisia. Nilimwambia hivyo mtu ambaye hakuwahi kumrudishia mteja saa kabla haijakaa wiki nzima karibu na nyingine, bila kuguswa, hata kama inakosea, wewe ukiandika tu tofauti yake kila asubuhi. "Saa inapopimwa haiguswi." Nilijifunza hilo kwenye meza hii kabla sijajua kuendesha baiskeli. Nilipofika maabara, ndilo jambo pekee nililokuwa nalijua kuliko wenzangu wote. Wao walikuwa wanawashwa mikono.

Uliweka kibano chini. Ukamwambia yule mama, "Pole sana, mama, leo tunafunga." Ilikuwa saa tano asubuhi. Hukuwahi kufunga saa tano, hata siku za vurugu za uchaguzi. Nikarudi ng'ambo bila kukuomba msamaha, na nikajisifu kwa wenzangu kwamba baba yangu ni mkaidi.

Tukaanza maisha ya kuzungumza kupitia kwa Mama. Ilikuwa hivi: nampigia Mama, nakusikia unakohoa karibu na simu, Mama anasema, "Papa yako hayuko." Kisha baada ya dakika mbili: "Papa yako anauliza, lakini amesema nisikuambie kama ni yeye anauliza, munafanya aje musijidanganye na hizo saa zenu?"

Nikamwambia Mama amjibu huyo asiyekuwepo kwamba hatujiamini. Mtu akitamani jibu fulani, ataliona hata kama halipo. Kwa hiyo mwenzetu mmoja anaongeza kwenye vipimo namba ya siri anayoijua yeye tu. Tunafanya kazi yote bila kuona jibu la kweli. Tukishamaliza, tukakubaliana hakuna tena cha kurekebisha, ndipo anatuambia ile namba, tunaiondoa, tunaona. Nikasikia mtu asiyekuwepo anacheka mpaka anapaliwa na chai. Mama akasema, "Anasema muko wezi wenye adabu."

Sikujua kwamba kesho yake ulipanda boda boda mpaka Kibuli, na saa yako ya mkononi, uliyoilinganisha na ya hapa kibandani, umeifunga kwenye leso isipate joto. Sikujua umeanza daftari. Ulimwambia Hajji aitie tu ufunguo saa yake ya mezani kila asubuhi, asiisogeze, na hukumwambia unatafuta nini. Umeshika somo vizuri kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Hukujua kitu kimoja tu: Mama alikwisha kumwambia Hajji kila kitu, ugomvi wetu na ile habari ya saa ya juu, siku mbili kabla, alipokwenda kupima sare ya mtoto wa jirani.

Halafu presha ikakuangusha. Mama alinipigia mwenyewe na safari hii aliposema Papa yako hayuko, sikusikia mtu akikohoa.

Wiki chache baada ya mazishi alinitumia kwa simu picha za kurasa tatu za mwisho wa daftari. Daftari lenyewe alilifungia kwenye sanduku pamoja na kitenge chake cha harusi, hakutaka mtu aliguse. Nikaona mistari yako iliyonyooka. Saa ya Kibuli inatangulia. Inazidi kutangulia. Na mwisho kabisa, kwa mwandiko wako mkubwa wa siku za sherehe:

*Saa ya juu inakimbia. Mutoto alisema kweli. Nilikosea.*

Mama alikuwa na furaha ambayo mjane hatakiwi kuwa nayo. "Miaka yote ya ndoa yetu, hiyo neno sijaisikia kwa kinywa yake. Leo iko kwa maandishi!" Alishanunua fremu. Akaamua: siku ya kuondoa matanga mtoto atausoma ukurasa huo mbele ya watu, wajue fundi alikufa akiwa amepatana na binti yake na ameshuhudia maajabu ya sayansi.

Na mimi nilitazama zile namba, na zilikuwa namba za kipuuzi. Saa yako ya Kibuli ilitangulia kwa dakika nzima na zaidi kila wiki. Papa, tofauti ya kweli kati ya Kibuli na Nakasero ni ndogo kiasi kwamba ungekaa hapo na daftari mpaka ndevu zifike sakafuni, na mshale usingesogea hata unywele. Ni saa kama zetu tu ndizo zinazoweza kuiona. Saa ya kutia ufunguo haiwezi.

Kwa hiyo nilipofika Kampala, Alhamisi, kabla hata ya kuoga, nilikwenda Kibuli.

Hajji alikuwa kwenye cherehani yake, kaptula za shule zimejaa mpaka mlangoni. Saa ipo rafuni. Nikamsalimia, nikampa pole, akanipa pole. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, kama iliwahi kutokea mtu akaigusa saa ile.

Hakuona hata haya. Alifurahi kuulizwa. "Muwala wange," akasema kwa Kiganda, maana mimi ni binti yake pia, "mimi nirisukuma. Kira Ijumaa, nikitoka kuswali. Kidogo tu, hivi." Akanionyesha kwa kidole, na kilikuwa kidole kinene. "Lafiki yangu amenyamaza. Mutoto wake amenyamaza. Nikasema, hii saa ikikimbia kidogo, watu watapatana. Sikusema kweri?"

Nikamweleza jinsi tofauti ya kweli ilivyo ndogo. Akafikiri, sindano mdomoni. "Basi nirizidisha?"

Nikamwambia amezidisha kidogo.

Nilishuka kile kilima kwa miguu nikiwa na hasira na watu wote, na wewe zaidi. Ulikubali kwa sababu ya kidole cha Hajji! Neno moja nililokuwa nalitaka kwako maisha yangu yote, na limekuja kwa kipimo kilichochezewa. Kazini kwetu ukigundua kipimo kimeguswa, unakitupa, hata kama kinakupa jibu ulilolilia. Hata kama ni zuri. Hasa kama ni zuri. Na Jumamosi nitasimama mbele ya watu, ama niseme uongo juu ya saa, ama nimvue Mama furaha yake na nikuache wewe mbele ya jamaa zako kama fundi aliyedanganywa na fundi cherehani.

Ijumaa sikuweza kula. Jumamosi asubuhi, wanaume wakiwa wanafunga turubai, nilimuomba Mama daftari. Nilimwambia nataka kuuzoea mwandiko. Akafungua sanduku, akanipa kwa mikono miwili.

Nikasoma tangu ukurasa wa kwanza.

Mwanzo ulikuwa unakwenda Kibuli mara moja kwa wiki, kila Jumatatu. Wiki za kwanza, saa inatangulia. Halafu, ghafla, unaanza kwenda mara mbili: Alhamisi na Jumamosi. Nikajiuliza, mzee mwenye magoti mabovu anapanda Kibuli mara mbili kwa nini? Nikaangalia safu. Kutoka Jumamosi mpaka Alhamisi, saa imetulia kabisa, pacha wa ile ya hapa. Kutoka Alhamisi mpaka Jumamosi, inaruka. Wiki inayofuata, hivyohivyo. Na pembeni ya kila mruko, kwa kalamu ya risasi, umeandika neno moja dogo: *mukono*.

Mukono. Mukono. Mukono. Mara tatu, kisha hukuliandika tena. Ulikwisha jua. Fundi gani wa saa asingejua? Umeshika vichwa vya saa maelfu, unajua springi iliyochoka inavyokwenda na unajua kidole cha mtu kinavyokwenda. Ulijua ni Ijumaa, ulijua ni Hajji, na hukumwambia kitu. Uliendelea kupanda, kunywa chai yake, kuandika namba ambazo ulijua ni za kidole. Na baada ya hayo yote, ukageuza ukurasa ukaandika kwamba mimi nilisema kweli na wewe ulikosea.

Nilikaa chini kwenye viatu vya watu, pale mlangoni. Nilikuwa nimekudharau siku mbili nzima kwa kudanganyika, kumbe wewe ulikuwa unatafuta tu mahali pa kupitia ili tupatane.

Saa sita Mchungaji akaniita. Nikasimama na daftari. Nikasema ukweli: kwamba saa ya Kibuli ilikuwa inasukumwa, na kwamba simtaji mtu. Hajji akasimama na kanzu yake nyeupe katikati ya Wakristo wote: "Ni mimi! Ni mimi nirisukuma!" Watu wakacheka mpaka turubai likatikisika. Mama hakucheka. Alikuwa amekumbatia fremu.

Nikawasomea *mukono* zote tatu. Kisha nikasoma ukurasa wa mwisho, polepole, mpaka neno la mwisho.

Mama akauliza mbele ya watu wote: "Kwa hiyo hakukosea?"

Nikamjibu kwamba kuhusu kilima, Papa alikosea kweli, muda wa juu unakimbia. Lakini saa yake haikuweza kumwonyesha hilo, na alijua haikumwonyesha kitu. Aliandika hata hivyo.

Mama akafikiri. "Basi fremu inabaki," akasema, na akaenda kugawa chakula.

Wiki ijayo narudi kazini, kwenye zile chembe mbili ambazo mpaka leo hazijaachana. Nitaendelea kupima, na nitaendelea kutojiamini, kwa sababu kwenye saa, hiyo ndiyo heshima. Lakini nimegundua kwamba nimeishi na watu hivyohivyo. Nilikuwa nasubiri uthibitishe kwanza. Nilikuwa nasubiri namba. Nakuahidi, Papa, kwamba kuanzia sasa nikimkosea mtu nitamwambia siku hiyohiyo, kabla hajapanda kilima chochote. Nimeanza na Mama, kwa mambo ya mwaka juzi, akashtuka akaniuliza kama naumwa.

Na wewe ni wa pili, ingawa ulistahili kuwa wa kwanza. Pumzika, fundi wangu. Magoti hayaumi tena huko, natumaini, na hakuna anayekukatiza.

Siku ile, mbele ya yule mama na saa ya mumewe, nilikuambia unakisia. Sina daftari la kuonyesha, sina kipimo, na hakuna mtu aliyenisukuma. Nilikosea, Papa.

Mwanao,
Nsimire